Mota Mbili Ndani ya Likizo Moja: Uchambuzi wa Kisa cha Gari la Rimoti Lililounguza Mota

Kisa hiki kilipita mikononi mwangu, kwenye meza yangu ya kazi katika mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Nimeondoa majina, mtaa na chapa ya gari. Mama wa kijana mwenye gari ameridhia nikiandike. Vipimo nimeviacha kama nilivyoviandika daftarini siku ile, pamoja na vile vinavyoonyesha kwamba nilikosea.

Gari na lilikotoka

Gari lilikuwa la kipimo cha 1/10, linavuta kwa magurudumu yote manne, lina matairi makubwa ya mchangani. Mota yake haina brashi: kipenyo milimita 36, urefu milimita 60, shafti milimita 3.175, nguzo nne za sumaku, kv 3200, haina sensa, yaani kihisi cha kuonyesha imezunguka hadi wapi. Kv ni mizunguko ambayo mota hupiga kwa dakika kwa kila volti moja ikiwa haina mzigo. Ukiipa mota hii betri ya 3S (seli tatu za lithiamu zilizounganishwa mfululizo) iliyojaa, yaani volti 12.6, inakaribia mizunguko 40,000 kwa dakika.

Kwa ambaye hajawahi kuifungua mota ya namna hii: shaba imetulia, imesukwa kwenye stata iliyobanwa ndani ya kopo la alumini. Kinachozunguka ni rota, yaani shafti iliyovikwa sumaku kali. Hakuna kaboni inayosuguana na kitu. Kazi ya kupokezana umeme kati ya nyaya tatu inafanywa na kile kisanduku kinachokaa katikati ya betri na mota, ambacho mafundi tunakiita ESC. Kwa hiyo ndani ya mota yenyewe vya kufa ni vichache: beringi, vanishi ya waya, na sumaku. Gari hili liliviugua vyote vitatu.

Mwenye gari ni kijana wa kidato cha pili. Alipewa na mjomba wake anayeishi Muscat, ambaye alilitumia miaka miwili kabla ya kuja nalo likizo. Kule lilikimbia kwenye lami, kwa betri ya 2S. Huku kijana na wenzake hukimbiza ufukweni maji yakipwa, pale mchanga unapokuwa mgumu na unyevu kama sakafu. Mjomba alipoondoka, betri yake ya 2S ilikuwa imeshavimba. Kijana akachanga pesa zake akanunua ya 3S, kwa kuwa wenzake wote walikuwa na 3S.

Historia hii yote naieleza sasa kwa sababu naijua. Siku gari lilipoletwa kwangu mara ya kwanza sikuiuliza, na hilo ndilo lililotugharimu.

Siku ya kwanza

Kijana alikuja na mama yake, gari limefungwa kwenye khanga. Malalamiko yalikuwa mafupi: ukibonyeza rimoti gari linatetemeka kama linataka kuondoka, halafu haliondoki, na lina harufu.

Harufu niliipata kabla sijafungua kifuniko. Vanishi ya waya iliyoungua ina harufu yake, kali na tamu kidogo, haifanani na harufu ya plastiki wala ya betri. Fundi aliyewahi kuunguza pangaboi anaijua.

Kutetemeka bila kuondoka, hata hivyo, si ushahidi wa mota pekee. Mota isiyo na sensa hutetemeka hivyohivyo kama waya mmoja kati ya mitatu umelegea kwenye plagi, au kama ESC imepoteza upande mmoja. Nikaanza na rahisi. Nilichomoa plagi tatu za mota, nikazisafisha, nikazirudisha zikiwa zimebadilishana nafasi. Mtetemeko ukabaki uleule. Nyaya zilikuwa nzima hadi kwenye kopo.

Kisha ESC, kwa sababu mota na ESC huuana. Koili zikigusana ndani ya mota, umeme mwingi mno hupita kwenye ESC na kuichoma. ESC iliyokufa upande mmoja nayo huipa mota mpya umeme usio sawa na kuiunguza. Ukifunga mota mpya bila kupima ESC unaweza kuwa unanunua mota ya pili siku hiyohiyo. Nilichomoa betri, nikaweka multimita kwenye alama ya dayodi. Ncha nyekundu kwenye waya mweusi wa betri, ncha nyeusi nikaipitisha kwenye kila mmoja wa nyaya tatu za mota: 0.45, 0.45, 0.46. Halafu ncha nyeusi kwenye waya mwekundu wa betri, nyekundu ikapita kwenye zile tatu: 0.45, 0.46, 0.45. Sita zote zinafanana. Ingekuwa moja imekufa, multimita ingelia na kuonyesha sifuri. ESC ilikuwa nzima.

Nikaitoa mota na kuchomoa gia yake ndogo. Mota nzima ya aina hii, nyaya zake zikiwa zimeachana, ukiizungusha kwa vidole unasikia sumaku ikikushika na kukuachia kwa hatua ndogo zilizo sawa. Ukizigusanisha nyaya zote tatu inakuwa nzito ghafla, kama unazungusha ndani ya asali. Hii ilikuwa na ule uzito wa asali nyaya zikiwa zimeachana. Maana yake ndani tayari kuna nyuzi zilizogusana. Isitoshe, beringi ya mbele ilikuwa inakwaruza kama ina chenga za glasi.

Kupima kwa drili

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kipimo hiki wengi hawakijui na vifaa vyake tunavyo.

Kosa la kawaida ni kuchukua multimita, kuweka kwenye omu, kupima kati ya nyaya mbili mbili na kusema "ziko sawa." Upinzani wa koili hizi ni mdogo mno, sehemu za elfu za omu moja. Multimita ya kawaida inaonyesha 0.2 au 0.3, ambao ni upinzani wa nyaya zake yenyewe. Zigusanishe ncha zake mbili uone: namba ni ileile. Kipimo hicho kinafaa kukuambia kama waya umekatika kabisa, au kama shaba imegusa kopo. Hakikuambii kama koili ina afya.

Ninachofanya ni kuigeuza mota kuwa jenereta. Nabana shafti kwenye mdomo wa drili, nashika kopo kwa koleo lililofungwa kitambaa, nazungusha kwa kasi moja, na kupima volti za AC kati ya kila jozi ya nyaya. Mota ya nguzo nne ikizungushwa mara 1,500 kwa dakika inatoa umeme wa 50 Hz, sawa na wa ukutani kwetu. Kama multimita yako inasoma Hz, hiyo ndiyo spidomita yako: bonyeza drili hadi isome 50, uishikilie hapo. Multimita iwe na uwanja mdogo wa AC. Zile za bei ya chini kabisa zinaanzia volti 200 kwa AC, na hapa tunatafuta theluthi moja ya volti.

Mota nzima ya kv 3200 kwa kasi hiyo inatarajiwa kutoa kama 0.33. Matokeo yalikuwa haya: kati ya waya wa kwanza na wa pili, 0.24. Wa kwanza na wa tatu, 0.25. Wa pili na wa tatu, 0.33.

Jozi mbili dhaifu zote zina waya wa kwanza ndani yake. Koili za waya huo ndizo zilizougua. Jozi ya tatu ilikuwa na namba yake kamili. Niliiandika bila kuitilia maanani. Baadaye namba hiyo ndiyo iliyotuokoa.

Kusuka au kununua

Njia zilikuwa tatu. Kubadilisha beringi tu, ambayo isingetibu koili. Kununua mota ya namna ileile, kama shilingi 110,000 pamoja na usafirishaji, na kusubiri wiki tatu. Au kupeleka kwa fundi wa kusuka mota, ambaye anasuka pampu za maji, mapangaboi na grainda mtaa wa pili kutoka kwangu.

Likizo ya kijana ilikuwa tayari inasonga. Mama aliuliza swali ambalo lilistahili jibu bora kuliko nililompa: "Fundi, nikinunua mpya ikaungua tena, si nitakuwa nimechoma pesa mara mbili?" Nikamwambia mama, mota mpya ni mpya, haitaungua. Nilijibu kama muuza duka.

Tulikubaliana tusuke kwanza, kwa shilingi 20,000, na kuagiza mota mpya kama kusuka kutashindikana. Sababu yangu ilikuwa muda. Nilijua pia kwamba fundi yule ni mwaminifu na mkono wake ni mwema.

Haikufaulu, na sababu zake zinafaa kujulikana na yeyote anayefikiria njia hiyo. Koili za pampu zina mizunguko mingi ya waya mmoja, ukikosea mmoja hakuna atakayejua. Humu tulihesabu mizunguko minne tu kwa kila koili, na kila mzunguko ni nyuzi nane nyembamba zilizolala pamoja. Ukiongeza mzunguko mmoja umeongeza robo nzima ya koili. Pia stata ilikuwa imejazwa gundi ngumu ya kiwandani. Kuitoa kulihitaji moto, na moto ule uliunguza utando unaotenga shaba na chuma. Nafasi ya kuweka karatasi mpya ya kutenganisha haikuwepo, kwa kuwa uwazi kati ya stata na rota ni mwembamba kama kucha.

Siku ya tisa mota ilirudi imesukwa vizuri kwa macho. Kwenye drili ikatoa 0.36, 0.37, 0.33: upande mmoja ulikuwa na mzunguko wa ziada. Nikaipasha kwa kikaushia nywele, nikapima shaba na kopo, multimita ikalia. Sikuiunganisha na ESC hata kwa sekunde moja. Fundi akarudisha nusu ya pesa bila kuombwa. Nikaagiza mota mpya siku hiyo, mfano uleule na kv ileile, kwa sababu ESC, nafasi ya skrubu na gia vilikuwa vimeshaendana nayo.

Mota mpya

Ilipofika niliipima kwa drili kabla ya kuifunga: 0.33, 0.33, 0.33. Nilihakikisha skrubu za kuifungia haziingii ndani kupita kiasi, kwa maana skrubu ya M3 iliyozidi urefu hufika kwenye koili na kuitoboa vanishi. Nilipanga meno ya gia kwa kipande cha karatasi: unaikunja karatasi katikati ya gia ndogo na kubwa, unasukuma mota hadi zibane, unakaza skrubu, kisha unazungusha karatasi itoke. Ikitoka imejikunja bila kukatika, meno yana nafasi sahihi. Gundi ya skrubu kidogo, na kazi ikaisha. Gari lilizunguka kinyume, nikabadilisha nafasi ya nyaya mbili kati ya tatu, likaenda mbele. Hilo linafanyika kwa mota isiyo na sensa tu. Yenye sensa nyaya zake hazibadilishwi ovyo.

Nililijaribu juu ya kigoda, matairi hewani. Sauti safi kabisa. Kijana akanipa mkono, akaondoka anakimbia.

Kulijaribu hewani ndilo kosa kubwa la kisa hiki. Matairi yakiwa hewani mota ya nguvu kiasi kile inashinda kila kikwazo bila kuonyesha dalili. Na gia ndogo niliyoichomoa kwenye mota ya zamani na kuirudisha kwenye mpya ilikuwa na meno 17. Niliyahesabu na kuyaandika. Sikujiuliza kama ndiyo meno gari lilitoka nayo kiwandani.

Gari linarudi

Siku ya kumi na moja baada ya kufunga mota mpya, kijana alirudi peke yake. "Shikamoo fundi. Bado linaenda, ila limeanza tena ile harufu." Alikuwa amesimamisha mchezo mwenyewe aliposikia harufu, na gari halikuwa limeshindwa bado. Kijana wa miaka kumi na minne kuacha mchezo mbele ya wenzake si jambo dogo. Nilimpongeza na nampongeza tena hapa.

Safari hii nilimwambia tuende nalo uwanjani. Nilibandika kipande cha teepu nyeusi kwenye kopo la mota, kwa sababu kipimajoto cha miale kikielekezwa kwenye alumini inayong'aa kinasoma chini kuliko ukweli. Vile vipimajoto vya paji la uso vilivyojaa majumbani tangu Korona havifai kazi hii. Vimetengenezwa kwa joto la mwili tu. Baada ya dakika sita za mchanga: nyuzi 104. Kwa mota ya aina hii mimi huanza kuwa na wasiwasi kopo likipita 80, na hapo sumaku iliyo ndani huenda ina joto zaidi ya kopo.

Mezani, mota kwenye drili, 50 Hz: 0.29, 0.29, 0.29.

Mota ya kwanza ilikuwa na jozi mbili dhaifu na moja nzima, ugonjwa wa koili. Hii ilikuwa imeshuka sawasawa pande zote tatu. Koili ni nzima. Kilichopungua ni sumaku. Sumaku za neodimiamu za daraja la kawaida huanza kupoteza nguvu moja kwa moja zikivuka nyuzi 80 hivi, na za daraja la juu zaidi huvumilia 120 au 150. Zikishapoteza hazijirudii kwa kupoa. Na hapo mota inaingia kwenye mzunguko mbaya: sumaku ikiwa dhaifu, msukumo uleule unahitaji umeme mwingi zaidi. Kutoka 0.33 hadi 0.29, umeme unaohitajika unaongezeka kama asilimia 14, na kwa kuwa joto la shaba linapanda kwa mraba wa umeme, joto linaongezeka zaidi ya robo. Joto hilo linakula sumaku tena. Kijana angeendelea siku mbili tatu, vanishi ingefuata, na mimi ningeiona kama mota ya pili iliyoungua koili kwa bahati mbaya.

Ndipo nilipolitazama gari badala ya mota. Nikaing'oa mota, nikazungusha kila gurudumu kwa kidole. La mbele kushoto likazunguka. La mbele kulia likazunguka. La nyuma kulia likazunguka kwa uvivu. La nyuma kushoto halikuzunguka hata robo. Beringi zake mbili zilikuwa zimegeuka donge la kutu na mchanga. Maji ya chumvi yaliingia, yakakauka, chumvi ikabaki, kila wiki. Beringi hizo zilikuwa na vifuniko vya bati pembeni, ambavyo havizuii maji.

Kisha nikamwomba kijana ampigie mjomba. Mjomba akatuma picha ya ukurasa wa kitabu cha gari. Kiwandani lilifungwa meno 13. Gia ya meno 17 ilikuja ndani ya boksi kama ya ziada, na jedwali linasema itumike na betri ya 2S tu, kwenye sehemu ngumu. Mjomba aliifunga Muscat, kwenye lami, kwa 2S. Alikuwa sahihi kabisa. Gari likabadilisha nchi, ardhi na betri, gia ikabaki.

Nilimfanyia kijana hesabu kwenye karatasi. 17 gawanya kwa 13 ni 1.31. Kwa mzigo uleule wa magurudumu, mota inabeba asilimia 31 zaidi. Joto kwenye shaba ni 1.31 mara 1.31, yaani 1.72. Hapo bado hujaongeza gurudumu lililokwama, bado hujaongeza mchanga, bado hujaongeza volti. Akaitazama ile namba muda mrefu, kisha akauliza: "Kwa hiyo ya kwanza haikuwa mbovu?" Haikuwa mbovu.

Mota moja kutoka mbili

Kununua mota ya tatu sikutaka hata kumtajia mama yake. Nikarudi kwenye daftari. Mota ya kwanza: jozi ya waya wa pili na wa tatu, 0.33. Koili zilizokuwa nzima zilikuwa zinatoa namba kamili, na namba hiyo inatoka kwenye sumaku. Kwa hiyo sumaku ya mota iliyoungua ilikuwa na nguvu zake zote. Koili zilikufa kabla joto halijaila rota. Ya pili ni kinyume: koili nzima, rota dhaifu. Na ni mfano mmoja.

Nilifungua skrubu tatu za kifuniko cha nyuma cha kila moja. Rota hutoka kwa kuvutwa, na sumaku inapinga. Ukiachia ghafla inakubana kidole au inapiga ukingo na kumeguka. Meza ifutwe kabisa kwanza, maana chembe ndogo ya chuma ikishika kwenye rota utaihangaikia saa nzima, na ukiisahau itachana vanishi. Mimi huipokea rota ndani ya mfuko safi wa plastiki. Washa nyembamba zilizo kwenye shafti zipangwe mezani kwa mpangilio zilivyotoka. Zikikosewa rota inasogea mbele na nyuma, au beringi zinabanwa.

Beringi za zamani za rota ya kwanza hazikurudi. Niliagiza mbili mpya za mota na seti nzima ya beringi za magurudumu, safari hii zenye raba pembeni, jumla shilingi 28,000. Wiki mbili zilipita kusubiri. Beringi za mota niliingiza kwa kusukuma ukingo wa nje, si wa ndani, kwa boksi la spana lenye kipenyo kinacholingana. Ukisukuma ukingo wa ndani nguvu yote inapita kwenye vigololi na unaiharibu beringi mpya kabla haijazunguka.

Rota ya kwanza ndani ya stata ya pili, kwenye drili: 0.33, 0.33, 0.33.

Gia ya meno 13, karatasi, gundi ya skrubu. Magurudumu yote manne yanazunguka kwa kidole na kujisimamisha taratibu. Kisha uwanjani, si kigodani. Dakika kumi kwenye ardhi ngumu: nyuzi 68. Dakika kumi kwenye mchanga mkavu, ambao ni mzito zaidi: 79. Kwa mchanga mkavu tulikubaliana awe anapumzisha gari kila dakika saba.

Kazi ya mara ya pili sikuitoza. Mama alitaka kulipa, nikamweleza kwamba swali lake la siku ya kwanza nililijibu vibaya.

Uchambuzi

Vipimo vya umeme vilifanya kazi tangu mwanzo. Kupima ESC kabla ya kufunga mota mpya, kuipima mota mpya kabla ya kuifunga, kukataa kuunganisha mota iliyosukwa vibaya: hayo yaliilinda ESC muda wote, na ESC ile ingekufa gharama ingekaribia mara mbili. Kuandika namba hata zisipokuwa na maana wakati ule kuliokoa shilingi 110,000. Ningeandika "mota imeungua" tu, rota nzima ingeenda jalalani.

Kilichoshindwa ni kwamba nilipima sana kitu kimoja. Mota ilikuwa na harufu, kwa hiyo macho yangu yote yalienda kwa mota. Harufu ilinionyesha mahali joto lilipoishia, nami nikapachukua kuwa ndipo lilipoanzia. Kuzungusha magurudumu manne kwa kidole kunachukua dakika moja na hakuhitaji kifaa chochote. Sasa nafanya hivyo kabla sijashika bisibisi, kisha nauliza maswali matatu: betri gani, gia ya meno mangapi na ilitoka wapi, na gari linakimbia wapi. Majibu ya maswali hayo kijana alikuwa nayo, au angeyapata kwa simu moja kwa mjomba, siku ya kwanza akiwa amesimama mbele yangu na khanga mkononi.

Kuhusu kusuka, uamuzi wenyewe haukuwa wa kijinga. Kwa mota kubwa zaidi, yenye mizunguko mingi ya waya, ningeujaribu tena. Kwa mota ya milimita 36 yenye mizunguko minne, nimeacha, labda nipate mtu anayezisuka hizi tu na ana vanishi ya kuvumilia nyuzi 180. Tulipoteza siku tisa za likizo ya mtoto kwa sababu nilitaka kumpunguzia mama gharama, na nia hiyo sijutii. Ninachojutia ni kutofungua kopo na kuhesabu mizunguko kabla ya kuipeleka. Ningeiona ile minne, tungeagiza siku ileile.

Jambo moja bado tunabishana na fundi mwenzangu. Yeye anasema ningemwambia kijana aache ufukwe kabisa. Mimi naona ufukwe maji yakipwa ndio uwanja walio nao. Mtaani hakuna lami isiyo na bodaboda. Nimemwelekeza aoshe sehemu za chini kwa maji kidogo yasiyo ya chumvi, akaushe kwa kitambaa, atie tone la mafuta kwenye kila beringi siku hiyohiyo na wala si kesho yake, na asipite kwenye maji yaliyosimama. Mota yenyewe asiitie mafuta ndani, ni kwenye beringi zake tu. Inachukua dakika ishirini na anaifanya. Beringi zenye raba zitakaa zaidi, ila hakuna raba isiyoshindwa na chumvi, kwa hiyo kila likizo analileta tuzungushe magurudumu pamoja.

Lilipo gari sasa

Imepita miezi saba. Amelileta mara mbili. Mara ya kwanza tulibadilisha beringi moja ya nyuma kushoto, palepale. Mota ilisoma 0.33 pande zote. Mara ya pili hapakuwa na cha kubadilisha. Kijana amenunua kipimajoto cha miale na kubandika teepu nyeusi kwenye kopo, na ana daftari lake: tarehe, ardhi, dakika, nyuzi.

Stata iliyosukwa vibaya naitumia kuwaonyesha wanaojifunza kwangu mzunguko mmoja wa ziada unavyoonekana kwenye drili. Rota dhaifu iko kwenye droo, ndani ya mfuko wa plastiki, nimeiandika kwa kalamu ya wino: 0.29.